Fenoli Haikumuuma Spesioza

Nakumbuka siku moja, mwanangu. Tulikuwa maabara, shuleni kwetu Ujiji, miaka ile wakimbizi wa Burundi wanamiminika na msako hauishi mitaani. Jirani yangu mezani alikuwa Spesioza, Mrundi, msichana mpole. Alipaswa kuwa kambini, lakini aliishi kwa shangazi yake, mtaa wa Kasingirima, bila kibali, apate kusoma. Siri hiyo niliijua mimi. Gari likiguruma nje, alinishika goti chini ya meza.

Mwalimu Gervas, mzee wetu wa kemia, alitupatia fenoli tuipime asidi yake. Ilikuwa imeganda, basi aliitumbukiza chupa yake kwenye maji ya moto hadi fenoli iyeyuke, akaonya, "Msiiguse!" Tukaichanganya kidogo na maji, tukachovya karatasi ya bluu ya litmasi, ikawa nyekundu ya kusitasita. Tukatia magadi. Kwetu mtoto yeyote anajua, ukikamulia ndimu kwenye magadi povu linafoka. Hapa? Kimya, hata kipovu kimoja.

"Asidi gani mvivu hivi?" Spesioza akacheka. Akainusa. "Mbona inanukia dawa waliyokuwa wakitumwagia vyooni kambini? Hii naijua bwana." Basi, hofu ikamtoka. Maskini, kimya kingi kina mshindo mkuu. Alipoiinua chupa amimine nyingine, ikamteleza, ikammwagikia kiganja hadi kifundo.

Hakulia, kwani haikumuuma! Alijifuta kwenye sketi tukaendelea. Nilipotazama tena, ngozi ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Akaibinya kwa ukucha, hasikii kitu. Hapo macho yakamtoka. Akauficha mkono chini ya meza, akaninong'oneza, "Ntubivuge! Usiseme, dada yangu. Hospitali wataniuliza kibali. Watanirudisha."

Jamani, niliogopa! Nikisema, anarudishwa kambini. Nikinyamaza, ule weupe unazidi kupanda. Mara kijasho kikamtoka, midomo ikaanza kumtetemeka, akaniegemea begani. Nikapiga ukelele, "Mwalimu, Spesioza anaungua!"

Mzee yule alimburuta nje hadi kwenye pipa, akammwagia maji ndoo baada ya ndoo, sisi tukikimbilia mengine. "Kwa nini umeficha?" akafoka. Spesioza akamweleza, meno yakigongana.

"Kibali?" Mwalimu akachota ndoo nyingine. "Binti yangu, hiyo fenoli ni dhaifu kwenye karatasi tu. Mwilini inatia ganzi kwanza usisikie, halafu inaingia kwenye damu. Haikuulizi kibali, inaua Mrundi, inaua Muha wa hapa kwetu!" Akatugeukia sisi wote. "Na ninyi, yasiyofoka ndiyo ya kuogopa."

Hospitali walimtibu, akapona. Na kweli waliuliza kibali. Mwalimu alimwombea, haikusaidia. Siku ya kumpeleka kambini nilikwenda kumuaga, nikamwita kwa jina, akaangalia pembeni. Iliniuma, nisikufiche. Lori lilipoondoka aliushika ukingo wake kwa mkono uleule, vidole vyote vitano vimekaza.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Usiipime hatari kwa maumivu yake, wala kwa kuwa harufu yake umeizoea. Likikupata jambo, sema mapema, hata kama kusema kutakugharimu. Na rafiki akikuapisha unyamazie kinachomla, kivunje kiapo hicho mbele ya wenye uwezo wa kumwokoa. Atanuna, mwache anune. Mimi nimenuniwa tangu siku ile, na sijawahi kujuta, maana anayeninunia yu hai.

Nenda, Mungu akulinde na kila baya lisilo na kelele. Na siku ulimi wako ukifungwa na woga, akuwekee ubavuni mtu wa kukupigia ukelele. Amina.