Mteja Asiye na Kidevu

Haya ninayokuambia yalinipata mimi mwenyewe. Si rafiki wa rafiki yangu, si jirani wa shangazi. Yalinipata nikiwa macho, sijalewa, sina homa, nimesimama nyuma ya meza yangu ya kukatia nguo, Jules Street, Malvern. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Hata mimi zamani nilikuwa nikiwacheka watu wenye hadithi za namna hii.

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni Uvira, lakini Johannesburg nimekaa miaka mingi, mpaka Kiswahili changu kimejaa maneno ya mitaani ya hapa, eish na sharp. Mke wangu anasuka nywele. Tunaishi Bellevue, katika nyumba moja ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, sisi tuko juu, mwisho wa ngazi. Tulikuwa na mtoto mmoja, Elia.

Nasema tulikuwa. Mke wangu hapendi nikisema hivyo.

Elia alizaliwa hapa hapa. Kiswahili alikisikia vizuri, ila kukizungumza ilikuwa kazi. Alikivunjavunja, akachomeka Kizulu, na karibu kila sentensi aliimalizia na "ne?", yaani si ndiyo, kama vijana wa mji huu. Mimi aliniita Papa Fundi. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniita hivyo. Wateja huniita fundi, na kanisani mimi ni Papa Elia.

Siku ile ya vurugu, watu waliposhuka barabarani na marungu wakivunja maduka ya wageni, Elia alitoka nyumbani kwenda kumchukua mama yake saluni. Hakujua kwamba jirani alikuwa amekwisha kumpakia mama yake garini na kumpitisha njia nyingine. Mama akafika nyumbani salama. Elia hakufika saluni, na nyumbani hakurudi. Tulimpigia simu mpaka usiku. Iliita, iliita, kisha ikaacha kuita.

Tulikwenda polisi. Tulizunguka hospitali. Nilikwenda mochwari, wakanivutia droo moja baada ya nyingine, nikawatazama watoto wa watu wengine. Je, unajua ni kitu gani kumwomba Mungu umwone mwanao ndani ya droo? Mimi nilifika mahali pa kuomba hivyo. Hata hilo sikupewa. Hatukupata mwili wala kiatu, wala mtu wa kutuambia kwamba alimwona akianguka pale.

Miaka ikapita hivyo. Ndipo akaja dukani mwanamke mmoja kijana, Dokta Thandeka, anayefanya kazi katika jumba la makumbusho. Alikuwa anatafuta fundi wa kushona ngozi. Nikamfuata mpaka kazini kwake, na katikati ya ukumbi nikakuta sanamu ya mtu amesimama. Mfupi, mpana wa mabega, kichwa kirefu kilicholala nyuma. Juu ya macho yake mfupa ulikuwa umetokeza kama rafu. Kidevu hakuwa nacho. Taya lilishuka likaingia moja kwa moja kooni.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni mtu wa kale wa Uchina, Baba. Mifupa yao ilichimbwa pangoni karibu na Beijing. Hakuwa binadamu kama mimi na wewe, lakini ni ndugu. Waliishi huko miaka laki kadhaa iliyopita."

"Na walifikaje huko?"

"Wazee wao walitoka huku kwetu Afrika. Walitembea, kizazi baada ya kizazi, mpaka mashariki ya Asia. Wengine walifika hadi Java."

"Bila pasi, bila visa?"

Akacheka. Akaniambia kwamba kama walivaa ngozi au hawakuvaa, hakuna anayejua kwa hakika, ila wanafunzi wa shule watakuja kutazama na hawezi kumwacha mzee wa watu uchi. Nikacheka nami. Kisha nikagusa fuvu lililokuwa mezani pembeni, nikaona ni plasta.

"Mifupa yenyewe mmeiweka wapi?"

Hapo Dokta akaacha kucheka. "Imepotea, Baba. Wakati wa vita waliipakia kwenye masanduku ili ikafichwe mbali. Masanduku hayakufika. Watu wameitafuta mpaka leo. Hii ni nakala iliyotengenezwa kabla haijapotea. Dunia nzima tunazo nakala tu."

Nikasimama na lile fuvu mkononi. Nikamwuliza swali la kijinga, na sijui lilitoka wapi.

"Na yeye anajua?"

"Nani?"

"Huyu. Anajua kwamba hakuna anayejua alipo?"

Dokta akalichukua fuvu mkononi mwangu. "Twende tukapime mabega, Baba," akasema taratibu.

Niliishona ile ngozi, nikamvisha sanamu kwa mikono yangu, nikarudi Malvern. Nilifikiri kazi imekwisha.

Ilikuwa jioni ya baridi, mwezi wa sita, wakati ule jua linapozama haraka kabla hujajiandaa. Umeme ulikuwa umekatwa. Robot, zile taa za kuongozea magari, zilikuwa zimezimika na magari yanapigiana honi. Wauza nguo wa nje walikuwa wanafunga mizigo yao. Nikawasha taa yangu ya kuchaji, nikainama kumalizia mshono wa suruali. Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amesimama mbele ya meza.

Geti langu la chuma linapiga kelele likifunguliwa, mtaa mzima unalijua. Jioni ile halikulia. Niamini, hilo ndilo lililonitia baridi kwanza, kabla sijamtazama mtu mwenyewe. Alikuwa amejifunika blanketi mabegani, na kofia ya sufu ameishusha mpaka machoni. Nikafikiri ni mlinzi anayekwenda zamu.

"Karibu, Papa. Nikusaidie nini?"

"Nipime."

Nikazunguka meza na tepu yangu. Nikamzungushia kifuani, nikangoja apumue, maana fundi hungoja mteja apumue ndipo asome tepu. Nilingoja. Kifua hakikupanda. Nikasema moyoni, huyu mzee amebana pumzi. Nikapeleka tepu shingoni, na vidole vyangu vikatafuta kidevu ili nimwinue uso kidogo.

Hakukuwa na kidevu.

Vidole vyangu vilimjua kabla ya macho. Taya lile nilikuwa nimelishika siku chache tu nyuma, nikimvisha. Nikainua mkono, na chini ya kofia nikakuta ile rafu ya mfupa. Ila hii haikuwa plasta. Ilikuwa na ngozi, na ngozi yenyewe ilikuwa baridi kama udongo wa chini.

"Umenishonea nguo, ne?" akasema.

Ndugu yangu, sauti haikuwa ya Elia. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusema. Lakini kile Kiswahili kilikuwa cha Elia.

"Ile mtu ya kule, ile ya plasta, si mimi," akasema. "Mimi iko wapi?"

"Sijui, Papa. Wanasema masanduku yalipotea."

"Wote wanasema hivyo." Akainamisha kichwa. "Sisi iko wengi, Papa Fundi. Yule mwenye mahali yake analala. Sisi hatuna mahali. Sisi tunatembea tu, ne?"

Papa Fundi. Umesikia? Mtu mwenye akili angekimbia pale pale. Mimi nilimshika blanketi.

"Nani amekufundisha jina hilo?"

"Kijana. Tunatembea na yeye. Mimi mdomo yangu haina maneno, basi nimeazima yake kidogo."

"Yuko wapi?"

"Hata yeye anauliza hivyo."

Nikajua swali linalofuata. Nilikuwa nimelikwepa miaka yote, nilipolala na nilipoamka. Kwa nini sikulikwepa na jioni ile? Lilinitoka tu.

"Amekufa?"

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo ambalo watu wote wanalijua.

"Sasa wewe unafikiri mimi natembea na nani?"

Sikulia. Nakumbuka mkasi ulianguka kutoka mezani nami sikuuokota. Akaendelea, sasa taratibu zaidi, kama mtu anayejitahidi asikosee ujumbe aliotumwa.

"Anasema, mama aache kuweka sahani. Kila jioni mama anaweka, anaita jina yake. Akiitwa, anarudi. Anapanda ngazi mpaka mlango. Hata mlango ikifunguka, yeye hawezi kuingia. Anachoka, ne? Anasema amechoka sana."

Hapo ndipo niliposadiki kabisa. Kwa sababu mke wangu, tangu wiki ile Elia alipopotea, hupakua chakula cha Elia kila jioni, akakifunika, akasema kwa sauti ya chini, "Elia, njoo ule." Hatujawahi kumwambia mtu. Wala mchungaji hajui.

"Mlete," nikamwambia. "Nakuomba. Mlete hapa nimwone mara moja."

"Sasa hivi yuko kwenu," akajibu. "Ni saa ya chakula."

Umeme ukarudi. Taa za duka zikawaka zote kwa pamoja, na tepu ilikuwa inaning'inia mkononi mwangu, haikumzunguka mtu.

Nililiacha duka wazi. Nilikimbia barabarani, nikaingia taksi ya kwanza iliyosimama, na abiria wenzangu walijisogeza mbali nami jinsi nilivyokuwa nikisema peke yangu. Nilipanda zile ngazi za Bellevue nimenyoosha mikono mbele, kama kipofu. Sikugusa kitu. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani, mke wangu alikuwa mezani na sahani iliyofunikwa.

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye neno la sahani, mkono wake uliganda juu ya kifuniko. Nilitegemea apige yowe, anirushie kitu, aniite mchawi. Hakufanya hayo. Aliinuka, akafungua mlango, akasimama akitazama ngazi tupu zenye giza.

"Basi huwa unakuja," akaliambia lile giza. "Huwa unakuja, mwanangu."

Uso wake ulikuwa na furaha. Mungu anisamehe, sijawahi kuona kitu cha kuogofya kama furaha ile.

Tangu jioni ile hakuacha. Sasa hupakua mapema zaidi, na jina analiita kwa nguvu. Nami, ambaye zamani sikusikia lolote, sasa nasikia. Hatua zinaanza chini, zinapanda polepole, kila siku polepole kuliko jana, kama za mtu aliyebeba mzigo. Zinafika mlangoni, zinakoma. Tunafungua, hakuna mtu. Tunafunga, na hatua za kushuka hatuzisikii.

Nimemsihi. "Mama Elia, mwache mtoto alale."

"Alale wapi?" ananijibu. "Nionyeshe kaburi lake, nami nitaacha leo hii."

Nitamwonyesha nini? Nilirudi mochwari, nikarudi polisi. Dokta Thandeka alinipigia akitaka nguo za sanamu nyingine, nikamwambia mkono unaniuma, na kwa kweli unauma. Vidole viwili vilivyogusa lile taya havijapata joto tena. Sindano siisikii mpaka nione damu.

Kwa hiyo sikiliza, wewe ambaye una mtu wako aliyetoka asirudi. Akija kwako mgeni jioni, akakuita kwa jina ambalo yule wako peke yake alikuwa akikuita, mpokee, mpime, mpe anachotaka aende zake. Usimwulize habari. Utatamani sana kuuliza. Funga mdomo wako kwa mikono miwili ikibidi. Mimi kabla ya kuuliza nilikuwa na mtoto aliyepotea, na aliyepotea unaweza kumwombea. Sasa ninaye mlangoni, amechoka, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumwambia aende wapi.