Kuagwa Mara Tatu Homa Bay

Miaka michache baada ya Uhuru nilipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea ukunga. Baba alinikatia tiketi kwa kampuni ndogo ya ndege, rahisi kuliko zote. Kampuni yenyewe ilikuwa na ndege moja. Ingenitoa Homa Bay hadi Kisumu, nipande nyingine ya Nairobi, kisha ile kubwa ya Ulaya.

Tulitoka Migori alfajiri kwa lori la kukodi, ukoo mzima. Pale kwenye uwanja wa nyasi baba mdogo alihutubia, akina mama wa kanisa wakaimba, na mchungaji akaniombea mimi pamoja na rubani ambaye hatukuwa tumemwona. Mama alilia hadi shangazi wawili wakamshika. Halafu tukaketi kutazama angani.

Jioni alikuja kwa baiskeli yule mwenye duka la nguo aliyetuuzia tiketi.

"Ndege imeharibika Kisumu. Itakuja kesho."

"Kesho saa ngapi?" baba akauliza.

"Kesho," akasema, akapanda baiskeli yake.

Tulilala kwa jamaa za mchungaji. Lori lilirudi Migori na nusu ya watu, kwani mwenye lori alikuwa na mahindi ya kubeba. Siku ya pili baba mdogo alifupisha hotuba, na waliobaki wakaimba ubeti mmoja. Ndege ilikuja mchana. Nilikumbatia kila mtu, nikapanda, tukapaa. Juu ya ziwa tulikuta wingu jeusi. Rubani alilitazama kidogo, kisha akageuza ndege bila kutuambia neno.

Nilipoteremka, watu wetu walikuwa wangali wakipunga mikono.

"Umerudi," baba akasema.

"Ni mvua."

Walinitazama kama mgeni aliyesahau kwenda kwao. Shangazi mmoja aliuliza kama yule kuku wa kuchoma niliyefungiwa wa safari bado ninaye. Tukamla.

Siku ya tatu walibaki baba na mama peke yao. Ndege ilipotua, mama aliendelea kumenya njugu.

"Haya nenda, nyathina," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, mwanangu.

"Mama, leo hulii?"

"Si nilikulilia juzi? Safari ni hii hii."

Basi nikalia mwenyewe, na shangazi wa kunishika hawakuwapo.

Kisumu, karani wa ile ndege ya Nairobi aliigeuza tiketi yangu mara mbili.

"Hii ni ya juzi, dada."

"Juzi nilikuwa naagwa."

Alinishauri nipande treni. Nairobi nilikuta ndege ya Ulaya ilishaondoka, nikalala kwenye hosteli ya kanisa hadi kilipopatikana kiti katika nyingine. Nilipofika Uingereza wenzangu walikuwa wameshajifunza kumwogesha mtoto. Msimamizi aliuliza nilichelewa wapi. Nikamwambia Homa Bay. Hakuuliza tena.

Baada ya masomo nilirudi nyumbani, na baba akanieleza kilichotokea siku ile ya tatu. Ndege ilipopotea machoni alitaka waondoke wawahi basi la Migori. Mama alikataa. Alikaa pale kwenye nyasi hadi giza likaingia, basi likawaacha. Alisema ndege ile huwa inageuka, na haingekuwa vizuri nirudi nikute hakuna mtu.