Mtaro wa Mama Mkwe

Katika kijiji chetu maji yalishuka na malalamiko yakapanda. Mtu wa chini alikuja ofisini kumshtaki jirani wa juu yake kwamba anamwagia maji uani. Jirani akiitwa, naye anamshtaki wa juu yake, na huyo naye ana wa kwake. Mimi nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na kwa kuwa nilisimamia kamati ya mazingira, kesi zote hizo ziliniangukia mimi. Siku moja tulifuatilia shauri la choo kilichojaa maji, nyumba kwa nyumba, mpaka tukatokea juu kabisa, ambako hapakuwa na mtu wa kumlaumu ila mawingu. Nilirudi ofisini nimenuna, viatu vimejaa tope.

Mwenyekiti wetu alicheka. Yeye ni Mhangaza aliyezaliwa Keza, kwenye vilima, akahamia huku kwetu upande wa Nyakahura kutafuta ardhi, na hachoki kutukumbusha kwamba kwao maji yanajua yanakokwenda. "Ninyi Wasukuma mmezoea ng'ombe," aliniambia. "Maji hayachungwi kwa fimbo." Nikamjibu kwamba watu wa Keza nao wakishuka tambarare hupotea njia ya kwenda sokoni. Tumetaniana hivyo miaka mingi na bado tunakunywa chai meza moja.

Lakini mimi ni mtu wa hasira za karibu, na utani ule uliniingia. Kikao kilichofuata nilipendekeza sheria ndogo: kila kaya iliyo kando ya barabara ichimbe mtaro mbele ya eneo lake, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, kabla mvua za vuli hazijaanza. Mkutano mkuu wa kijiji uliikubali, wilayani wakaipitisha. Moyoni nilijua watu wataipuuza, maana sheria ya kufunga mbuzi tuliipitisha zamani na mbuzi hawajawahi kuisikia.

Sijui kilichowapata mwaka ule. Watu walichimba. Walichimba kwa majembe, kwa sururu, kwa mabeleshi ya kuazima, wakashindana nani ana mtaro ulionyooka zaidi. Hata bwana mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki, ambaye hajawahi kutokea kwenye kazi ya pamoja ya msaragambo hata mara moja, alichimba wake akaupamba kwa mawe. Kila mtu alianzia kwenye mpaka wake wa juu, akaishia kwenye mpaka wake wa chini, pale jirani yake alipoanzia. Mvua ya kwanza ilipopiga, barabara ilibaki kavu. Watu walinisimamisha njiani kunipongeza, na mimi nilizipokea pongezi zote bila hata kujifanya mnyenyekevu.

Jioni ile mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake, akaweka ndoo chini, hakusema kitu. Mke wangu akinyamaza mimi hukosa hamu ya kula. Nilimuuliza mara kadhaa ndipo akasema, "Maji yote ya barabarani yako nyumbani kwa mama."

Mama mkwe wangu ni mjane, na nyumba yake ndiyo ya mwisho, chini kabisa, kabla ya bonde la mpunga. Mtaro wake wa mbele alichimbiwa na vijana wa kanisani, vizuri tu, kutoka mpaka hadi mpaka. Kwenye mpaka wake wa chini ukakoma, kwa sababu hakuna jirani tena baada yake. Maji ya kijiji kizima yalifika pale, yakakosa pa kwenda, yakarudi uani kwake, yakazunguka jiko, yakajikusanya nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa chumba anacholala. Ukuta ni wa matofali mabichi. Ulikuwa umeshaanza kumeguka kwa chini.

Wanawe wawili wako Mwanza. Walipigiwa simu, wakasema vizuri, basi, mama ahamie mjini, kiwanja kiuzwe, wangekuja kumchukua mwisho wa mwezi. Kwao lilikuwa jambo la huruma. Mama yao alimwambia mke wangu, "Mjini nitapalilia nini, sakafu?" Mke wangu alinisimulia huku analia, na mimi nikaona aibu iliyochanganyika na uchungu, maana sheria ilikuwa ya halmashauri lakini mdomo ulioileta ulikuwa wangu. Yule mama akiondoka, mke wangu angebaki hana pa kukimbilia siku akinichoka, na siku hizo zipo.

Nilitaka kwenda siku ileile kutazama. Lakini sikuweza, na hapa sina budi kueleza. Katika familia yetu, iliyotoka Shinyanga na ng'ombe wake kabla sijazaliwa, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na mkwe hasogelei anapolala mama mkwe. Wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni. Hakuna chuki yoyote ndani yake, ni heshima tu, na ni nzito. Nilimwoa binti yake nikiwa kijana mwembamba, sasa nina mvi, na miaka yote hiyo sikuwahi kusikia sauti yake ikinielekea mimi. Salamu zetu alizibeba mke wangu huku na huko, pamoja na karanga na maziwa.

Siku ya kikao cha halmashauri mama mkwe alikuja mwenyewe. Benchi la walalamikaji lilitazamana na meza yetu. Yeye aligeuza benchi, akakaa ametupa mgongo, akauelekea ukuta. Mtendaji wetu, binti mpole aliyeletwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alidhani ni dharau.

"Mama, geuka basi uongee na wajumbe."

"Siwezi kugeuka, mwanangu. Humo mna mkwe wangu."

Kikao kizima kikanitazama. Mimi nilikuwa nachunguza miguu ya meza.

"Mwambieni mjumbe," mama mkwe akauambia ukuta, "sheria yake ni nzuri. Barabara imekauka. Maji yote yamekuja kulala kwangu."

"Mjumbe, umesikia?" mwenyekiti akauliza, mdomo ukimcheza.

"Mwambieni mama nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Mwambieni sikuja kusikiwa. Nimekuja kuchimbiwa."

Watu waliangua kicheko, hata mimi, ingawa masikio yalikuwa yanawaka moto. Iliamuliwa twende tukakague.

Ukaguzi ule sitausahau. Wajumbe wote waliingia uani. Mimi, mwenye kamati, nilisimama nje ya ua wa minyaa kama mchuuzi aliyefukuzwa, nikisubiri waniletee habari kwa kupiga kelele. Mwenyekiti alipaza sauti kwamba maji yanatoka kushoto. Mjumbe mwingine akapinga, yanatoka chini, ni chemchemi. Mtendaji akasema ingefaa tumwite mtaalamu kutoka wilayani. Niliuliza mteremko unaelekea wapi, nikajibiwa pande tatu. Nilirudi nyumbani nimewakasirikia wote, na zaidi nimeikasirikia miguu yangu iliyokatazwa kuvuka ule ua.

Mtaalamu aliahidi kuja. Mvua haikumngoja.

Ilikuwa mchana, siku ya gulio, mke wangu ameenda kuuza nyanya. Nilikuwa nje ya ule ua na jembe begani, najidanganya kwamba napima kwa macho, mbingu ikafunguka. Punde nikayasikia maji kabla sijayaona, yanakuja mtaro kwa mtaro, kutoka juu kabisa. Yalimwagika uani, mekundu ya udongo, yakazunguka jiko. Niliita mtu, hakuna aliyeitika. Basi nikainamisha kichwa, nikaingia, nikapita pembeni ya nyumba bila kuutazama mlango, nikafika nyuma, nikaanza kulundika udongo kwenye ukuta.

Ndani nilisikia bakuli likichota maji, likimwaga, likichota.

"Mama," nikauambia ukuta, "tafadhali toka nje. Utakuangukia."

Bakuli likanyamaza. Halafu: "Nikitoka, nani atakuambia yanapoingilia?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na haikuwa na woga wowote. Nilisahau mvua.

"Unachimba au umesimama?" ikauliza.

"Nachimba, mama."

"Yanaingilia hapa, mguuni pa kitanda. Sogea kulia. Kulia kwako, siyo kwangu. Hapo. Lundika hapo."

Nililundika. Aliniongoza kwa sauti, sehemu kwa sehemu, yeye akigonga ukuta kwa ndani, mimi nikifuata mlio wake kwa nje. Nilipoziba huku, yalipenya kule. Kila nililolundika lilisombwa.

"Unayazuia tu," akasema. "Yataendelea kuja. Yape njia."

"Njia ipi, mama?"

"Ng'ombe wa mume wangu walishukia hapo nyuma kwenda kunywa bondeni, na maji yalishukia hapohapo. Alipouza ng'ombe akaziba kwa minyaa."

Niliujua ule ua. Marehemu baba mkwe aliupanda kwa mikono yake, na mke wangu aliniambia hata wanawe walipotaka kuukata wajenge ukuta wa tofali, mama aliwafukuza.

"Niukate?"

Nilisikia akiliweka bakuli chini.

"Kata. Aliupanda ng'ombe wa watu wasiniingilie. Hakuupanda ili nihamie Mwanza."

Nilikata. Minyaa ina utomvu mweupe, na tone moja likaniruka jichoni. Nilipiga kelele isiyomfaa mjumbe wa halmashauri.

"Usifikiche!" sauti ikaamuru kutoka ndani. "Inua uso, mvua ikuoshe!"

Nikainua uso. Nilisimama pale mtu mzima na mvi zangu, jicho limefumbuliwa kwa vidole, mvua inanipiga, na mama mkwe ananiuliza kupitia ukutani kama limepoa. Nilimwambia limepoa kidogo. Akasema ningoje lipoe kabisa. Nilijisikia vizuri kuliko siku zote za pongezi za barabarani.

Kisha nikafungua mfereji pale minyaa ilipokuwa. Maji yalisita, yakageuka, yakaondoka. Yalishuka kwa njia ya zamani ya ng'ombe hadi bondeni, yakaingia kwenye majaruba yangu mwenyewe ya mpunga, ambayo wakati wote nilikuwa nayalalamikia ukame. Ndani, bakuli halikuchota tena. Niliaga kwa kukohoa, nikatoka kinyumenyume.

Mkutano mkuu uliofuata tulirekebisha sheria: mtaro hauishii kwenye mpaka wa mtu, unaishia bondeni, na wa mwisho huchimbiwa na wote. Mwenyekiti alisema ndivyo wanavyofanya Keza, na safari hii nilimwachia ushindi. Watu walikuja kwa wingi kuuchimba ule mfereji vizuri, hata bwana wa vipuri na mawe yake. Wanawe walifika mwisho wa mwezi na gari la kukodi. Wakaukuta ukuta umekauka, wakatembezwa kuonyeshwa mfereji, wakala ugali kwa kuku, wakarudi Mwanza na gunia la karanga pale ambapo walipanga kuweka kitanda cha mama yao.

Ukuta ulitengenezwa. Mama mkwe alimwagiza fundi amwekee dirisha dogo upande wa nyuma, ambako halikuwepo. Fundi alishangaa, dirisha la kutazama mtaro? Akajibiwa ni la hewa.

Baada ya mavuno mtendaji aliniambia, "Mjumbe, mama mkwe wako amelalamika tena. Mtaro wake umejaa majani." Alikuwa ameshazizoea mila zetu, na nilimwona akificha tabasamu. Jumamosi nilibeba jembe nikaenda.

Mtaro ulikuwa safi. Haukuwa na jani hata moja, na alama za ufagio zilionekana bado. Kwenye kidirisha palikuwa na bakuli la karanga za kuchemsha, limefunikwa kwa sahani. Niligeuza mgongo, nikauelekea mtaro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Huko mwisho, karibu na minyaa, naona kuna majani."

Nikaenda, nikachimbachimba mahali pasipo na kitu. Niliporudi karibu na nyumba, aliniuliza habari za jicho, na za mpunga, na kama binti yake bado ananinunia. Nikajibu yote. Kisha nikajua amelitazama lile bakuli, kwa sababu nilikuwa sijaligusa, na wote wawili tulijua kwa nini.

"Kula," akasema. "Sitazami."

Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikalipata bakuli, nikaketi ukingoni mwa mtaro, mgongo kwa dirisha, nikala.