Darubini ya Vioo Vyekundu

Rafiki yangu, mwezi uliopita nilimpigia mume wangu kelele dukani Kayanga, mbele za watu, na mpaka leo sijutii. Tulikuwa njiani kwenda kwetu Kaisho. Tangu astaafu, mzee wangu ameshikwa na homa ya wanyama. Anataka akae kilimani atazame upande wa hifadhi kutwa nzima, leo ndege, kesho swala, keshokutwa sijui nini. Basi akaomba aonyeshwe darubini. Muuzaji akapanga kadhaa juu ya kaunta, na yeye, kama ninavyomjua, akapeleka mkono moja kwa moja kwenye ile iliyoandikwa namba kubwa kuliko zote. Vioo vyake vya mbele vilikuwa vyekundu, vinang'aa.

"Mama, ona hii! Inavuta mpaka Uganda!"

"Rudisha hiyo," nikasema.

"Hata hujaitazama."

"Rudisha, nasema!"

Muuzaji akarudi nyuma hatua. Mume wangu akabaki ameduwaa, darubini mkononi, maana miaka yote tuliyoishi pamoja hajawahi kusikia sauti ile. Pale dukani sikumweleza. Ngoja nikueleze wewe.

Nyumba yetu ilikuwa mgongoni mwa kilima, migomba mbele, mibuni nyuma, na uani daima kuna mkeka wa kahawa unaokauka. Harufu ya kahawa mbivu iliyoloweshwa na mvua bado naijua. Ni tamu, halafu inaelekea kuchacha. Asubuhi kazi yetu watoto ilikuwa kuwafukuza kuku wasichakure mkeka, na jioni kumenya ndizi, vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu hata Jumapili kanisani unaficha mikono. Chini yetu kulikuwa na bonde lenye kijito na mafunjo. Ng'ambo ya bonde ndiko ng'ombe wetu walikolishwa, kwenye nyasi za wazi, na mbele zaidi ya nyasi lilikuwa pori la akiba. Wanyama hawajui mpaka. Nyati walitoka huko wakati wowote walipojisikia.

Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Sijui kwenu. Kwetu ukiwahesabu ng'ombe ni kama umewaita wapungue, na bibi, mama yake baba, alikuwa anaweza kukuzaba kofi ukinyoosha kidole tu kuelekea zizini. Ng'ombe unamjua kwa rangi yake na pembe zake, kila mmoja na jina lake. Jioni wakirudi, hutaji idadi. Unawapitia kwa sura, fulani yupo, fulani yupo, na asiyeonekana moyo unakuambia. Wa mama aliitwa Bihogo, jina la ng'ombe mwekundu uliokolea, rangi ya barabara yetu baada ya mvua. Bihogo alifiwa na mama yake akiwa ndama wa siku chache, mama yangu akamlea kwa maziwa ya kwenye kibuyu. Kwa hiyo hakukubali mkono wa mtu mwingine. Ukitaka arudi, mtume mama.

Baba ndiye aliyeleta darubini. Aliinunua Murongo, mpakani, kwa mchuuzi aliyekuwa ametandaza mali yake kwenye turubai: saa, redio, betri, miwani. Alirudi nayo imening'inia kifuani, amevaa na koti juani, hatujui kwa nini. Namba yake ilikuwa kubwa na vioo vyekundu kama vile vya Kayanga. Tukapokezana kuitazama ng'ambo. Kitu kilikuwa karibu kweli, ila kilicheza. Ukipumua, mlima mzima unaruka. Na rangi hazikuwa zenyewe. Majani yalikuwa ya buluu buluu, na Bihogo, mwekundu yule, mle ndani alikuwa mweusi.

"Mbona Bihogo mweusi?" dada yangu akauliza.

"Ni umbali," baba akajibu. "Utazoea."

Bibi alijaribu mara moja, akairudisha akisonya. "Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Kulikuwa na mtu mwingine mwenye darubini kijijini, jirani yetu wa upande wa chini. Huyo zamani aliwafuatishia nyayo wawindaji wenye vibali, na mmoja wao alipoondoka alimwachia yake. Ilikuwa ndogo, nzito kidogo, imevikwa mpira uliochubuka, kamba yake ameunga kwa kitambaa. Jirani alikuwa na maneno! Akishika kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakuna simba aliyebaki porini, wote amewaona yeye. Alipoiona darubini ya baba alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo ni ya kutazamia harusi," akasema. Baba alinuna. Toka siku hiyo hawakusalimiana vizuri, na baba akawa kila jioni anakaa kwenye kiti mbele ya nyumba, darubini machoni, anawapitia ng'ombe kwa sura kutoka mbali kabla hawajarudi. Akazoea kweli. Akazoea kwamba Bihogo ni mweusi.

Ulikuwa msimu wa senene. Mvua ilikuwa imekatika jioni, wingu bado zito, mwanga umefifia mapema. Ng'ombe wakaingia zizini na baba mdogo aliyewachunga, na moyo wa kila mtu ukasema mara moja: Bihogo hayupo. Alikuwa na mimba ya kukaribia kuzaa, na ng'ombe akitaka kuzaa hujitenga. Baba akakimbilia kiti chake. Akatafuta, akatafuta, anazungusha gurudumu la katikati, anafuta vioo kwa shati. Kisha akapiga paja.

"Nimempata! Kalala nyasini, karibu na kile kichaka. Naona mgongo."

Mama akamwacha mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya, mikononi mwa bibi, akachukua kamba, akashuka. Ulikuwa utaratibu wao. Baba hubaki juu akimwelekeza kwa shuka nyeupe, maana sauti ya mtu haivuki lile bonde: shuka kulia, nenda kulia, shuka kushoto, nenda kushoto, shuka juu, songa mbele. Tukamwona akipotea kwenye mafunjo, tukamwona akitokeza ng'ambo, mdogo kama punje. Akageuka kutazama juu. Baba akainua shuka. Mama akasonga mbele.

Ndipo jirani akapita, anatoka kunywa, darubini yake shingoni kama kawaida yake. "Mnatafuta nini?" Baba akazidi kukaza darubini machoni. Bibi ndiye aliyemwambia. Jirani akaegemea mti wa uzio, akakaza viwiko kifuani, akatazama. Mimi nilikuwa karibu yake. Nilisubiri aseme upuuzi wake. Akatazama tena, na mkono wake mmoja ukanishika bega, ukanibana mpaka nikaumia.

"Yule si ng'ombe," akasema taratibu. "Yule mbogo. Dume, tena yuko peke yake."

"Ni Bihogo," baba akasema. "Namjua Bihogo."

"Bihogo mwekundu, bwana! Yule mweusi! Tazama!"

Jirani akamvua baba ile ya vioo vyekundu, akamvika ya kwake kwa nguvu. Rafiki, niliiona rangi ikimtoka baba usoni. Darubini ile ndogo haikuvuta sana, lakini ilitulia, na ilikuwa na mwanga hata katika kile kigiza. Pembe zilionekana. Baba akaanza kupunga shuka kama kichaa, kulia, kushoto, chini, na mama kule ng'ambo akasimama kidogo, akashangaa, kisha akasonga mbele. Hawakuwahi kukubaliana alama ya kurudi. Nani angedhani itahitajika?

Baba akaita jina la mama. Upepo ukalirudisha kwetu. Jirani na baba mdogo walikuwa wameshaanza kuteremka mbio, lakini njia ya kule chini ni ndefu, hata mtoto alijua hawatafika. Mama alikuwa anakwenda anaita, tulijua anaita, kwa ile sauti yake nyororo ya kumbembeleza Bihogo, na kamba ameificha nyuma asimtishe. Dada yangu akaanza kulia. Mimi sikuweza hata kulia. Niliwaza tu: mama yangu anakwenda kufa na anatabasamu.

Bibi akanipa mtoto. Akajifunga kanga kiunoni vizuri, akasogea ukingoni mwa kiwanja, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Labda hulijui yowe la kwetu. Si kelele tu. Lilikuwa sheria. Ukilisikia, ulichoshika unakitupa, kiwe jembe, kiwe chungu, na kwanza unalipokea kwa sauti yako ili wa mbali nao walisikie, halafu unakimbia kwa aliyelia. Huulizi kwanza. Atakayelipiga bila sababu anatozwa rubisi na kudharauliwa maisha, na ambaye hakukimbia, siku yake naye hakimbiliwi. Bibi alikuwa akisema yowe halina mwenyewe.

Wanawake waliokuwa wakichuma maharage chini yetu wakalipokea. Nyumba ya chini yao ikalipokea. Likateremka kilima kizima, mdomo kwa mdomo, mpaka kwa wakata mafunjo kule bondeni, na kutoka pale likavuka maji. Tukamwona mama anasimama. Tukamwona anageuza uso kuelekea kwetu. Mgongo ule mweusi ukainuka nyasini, ukawa mnyama mzima, hata kwa macho matupu nilimwona. Mama hakumwona. Alikuwa ameshampa kisogo, ametupa kamba, anakimbia kurudi nyumbani, kwa sababu yowe limetoka kwake na watoto wake wako huko.

Nyati alimfuata kidogo. Sijawahi kuomba Mungu kama siku ile. Kisha akasimama, akainua pua, akabaki palepale.

Kiwanja kilijaa wanaume wenye mikuki na mapanga, wanahema, wanauliza adui yuko wapi. Bibi hakutetemeka. "Nimelipiga kwa ajili ya yule," akasema, akaonyesha ng'ambo. Waliotazama kwa macho waliona. Wasioona wakapewa darubini ya jirani baadaye. Hakuna aliyetaja kutozwa. Mama alifika amelowa mpaka kifuani, kiatu kimoja kimebaki matopeni, akapita katikati ya watu wote bila kusalimu. Akamshika dada, akanishika mimi, akamnyang'anya mtoto mikononi mwangu. "Nani? Ni nani?" ndilo alilokuwa akisema. Hakuelewa kwamba ni yeye. Alipoelewa, akakaa juu ya mkeka wa kahawa, na bibi hakumgombeza.

Bihogo alikutwa kesho yake upande wetu huku huku, kwenye migomba ya kanisa, analamba ndama.

Baba hakuvunja ile darubini. Aliiweka juu ya kabati, akaenda kwa jirani na kibuyu cha rubisi, na jirani, baada ya kujisifu mpaka tukachoka, akatufundisha. Kwa hiyo Kayanga nilimfundisha mume wangu mimi. Zimeandikwa namba mbili, nikamwambia: ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa kioo cha mbele, na huo upana ndio unaoingiza mwanga. Chukua nane kwa arobaini na mbili. Kumi ni ya mkono uliotulia, na wako unatetemeka hata ukishika kikombe. Vioo vyekundu vinakula rangi, waachie wenyewe. Usitazame barabarani kwenye jua ukasema nzuri. Nenda mlangoni, tazama chini ya upenu wa nyumba ya ng'ambo, penye kivuli, uone kama utatofautisha kahawia na nyeusi. Muulize kama maji hayaingii, maana kwetu ni mvua, na ukungu ukishaingia ndani hautoki. Wewe una miwani, zungusha chini hivi vikombe vya mpira vya machoni. Muuzaji akatuletea ya bei ya katikati, si ya kuchezea watoto, si ile ya kumfanya mtu auze shamba. Tukaijaribu mlangoni mpaka wateja wakaanza kulalamika. Ni nzuri. Kaisho tulikaa nayo kilimani, na mzee wangu alitazama tai mpaka chakula kikapoa. Nyasi zile sasa hazina ng'ombe, mpaka umewekwa na unalindwa, na nyumba ya jirani imebaki msingi.

Hayo yote nayavumilia. Kisichovumilika ni hiki. Mama yangu uzeeni niliishi naye Bukoba mjini. Jumamosi moja mchana alianguka uani kwangu, akiwa anaanika nguo, na nilipomwinua kichwa nikaona macho yake yamebadilika. Mume wangu alikuwa safarini. Nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga yowe la bibi, kwa pumzi yangu yote, na mtaa ulikuwa umejaa watu, nilizisikia redio zao, nilisikia mtu akicheka nyuma ya ukuta. Hakuna aliyelipokea. Nikalipiga tena. Ndipo simu yangu ikaita, na ilikuwa jirani wa ukuta wa pili, anauliza kwa heshima kabisa, "Dada, kuna nini huko kwenu?"