Muhuri Alionyimwa Mkwe

Baba yangu, wakili Elinaza, ana ofisi kwenye fremu moja ya duka Mbagala, ubavuni mwa saluni. Watu wanamfuata awagongee muhuri kwenye hati za viapo na za kuuza viwanja, na wengi wanaondoka wamenuna. Mzee wangu hagongi mpaka mwenye saini aje mwenyewe, asomewe, asaini mbele yake. Wapo wenzake wanaogonga hata kama aliyesaini yuko Tunduru. Yeye hataki. Ndiyo ubishi uliotulea nyumbani, tumeshauzoea.

Mwaka jana nilikuwa nimeshavalishwa pete na Wilfred, imebaki harusi tu. Jumamosi moja nilikuwa pale ofisini nampangia baba mafaili, akaingia baba yake Wilfred, Mzee Polikarpo, na hati ya kuuza kiwanja chao cha Chanika. Kiwanja cha wanandoa hakiuzwi bila mke kuridhia, na saini ya mama yake Wilfred ilikuwa tayari pale chini, kwa mwandiko ule ule wa mzee! Wala hakuona aibu. Kwake yeye alikuwa amempunguzia mkewe safari.

"Mkwe, gonga basi. Mama yuko nyumbani, ameshakubali."

"Nitagonga akija mwenyewe," baba akasema kwa upole.

"Yaani mie unanitilia shaka? Na watoto wetu wanaoana?"

"Ndiyo maana nakwambia mie, usije ukaambiwa mahakamani."

Mzee akabeba hati yake, akatoka bila kuaga. Nikamgeukia baba huku nalia.

"Ndoa yangu ndiyo hiyo inaondoka, baba. Kisa muhuri?"

"Pole, mwanangu," akasema, akanimiminia chai. "Lakini sigongi."

Siku ile nilimchukia, nasema kweli, na chai yake nikainywa.

Wilfred naye, nilipomsimulia, alimweleza mama yake kisa chote. Wiki iliyofuata mama huyo akaja, kajifunga kitenge kipya, mumewe nyuma yake na ile hati mkononi. Nikapiga goti nikamwamkia. "Marahaba, mkwe wangu," akaitikia, nami nikajua harusi ipo. Moyo ukatulia.

Baba akaiweka pembeni ile hati, akachapa nyingine, akamsomea yote polepole. Kisha akamuuliza, "Mama, unaridhia kiwanja kiuzwe?"

Mama akaitazama hati mpaka mzee akaanza kukohoa.

"Naridhia," akasema. "Hata mwanzo ningeridhia. Ila tangu niolewe, leo ndiyo naulizwa."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na huku anacheka. Akashika kalamu, akaandika jina lake lote bila haraka: Benedicta. Hapo baba akagonga muhuri, na mie nilijivunia kuwa mtoto wake.

Mzee Polikarpo akaivuta ile hati karibu, akaitazama saini kwa muda.

"Kumbe unaandika vizuri hivi," akamwambia mkewe.