Mbao za Mwanaidi

Fundi viatu wa mtaani kwetu hapa Bagamoyo huvuta uzi wake juu ya donge la nta kabla ya kushona. Juzi nilimpelekea ndara. Jua lilikuwa limeilainisha ile nta, harufu ikanipanda puani nikasahau hata kumwonyesha ndara ilipokatika. Nilikuwa nimerudi Mkange nilikokulia, nina tena miaka tisa na roho mbaya.

Siwafichi, wenzangu: nilikuwa mtoto wa kijicho. Mimi ndiye kitindamimba wa Baba, na sikutaka kumgawana na mtu. Kisha Mwanaidi, mtoto wa marehemu baba mdogo, akaletwa kutoka Makurunge na kimfuko chake cha nguo. Alinizidi miaka miwili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nililisubiri hilo jembe kwa hamu. Baba akampa mzinga.

Baba alifuga nyuki nyuma ya shamba, na mimi kila mwaka aliniambia bado mdogo. Sasa nikawa nakaa jikoni namenya mihogo na Mama, nikiwasikia wawili hao wanarudi, wananuka moshi, wanacheka. Mwanaidi alinihadithia yote bila kuulizwa. Kwamba nyuki wachanga hula asali wakashiba, wakaning'inia wameshikana miguu, na nta ikawatoka tumboni vipande vyembamba kama magamba ya dagaa. Huitafuna mpaka ilainike, wakajenga nayo vyumba vya pembe sita. Na kwamba huliwa asali nyingi ili ipatikane nta kidogo tu. Nilimsikiliza nimenuna. Kila alichokijua nilikiona kimeibwa kwangu.

Mzinga wake ulikuwa sanduku, juu umepangwa mbao nyembamba zilizobanana. Baba alimfundisha kupaka mstari mmoja wa nta chini ya kila mbao, katikati, urefu wote. Nyuki huanzia kwenye mstari huo, kila sega likaning'inia kwenye mbao yake, na siku ya kurina asali unainua moja moja bila kuharibu kitu. Mwanaidi alizipaka ukumbini, ulimi nje, akaziegemeza ukutani. Baba akazitazama.

"Mashallah, huyu ana mkono wa kazi," akasema.

Mimi niliyezaliwa nyumba hiyo sikuwahi kuambiwa hivyo. Roho iliniuma hasa. Walipokwenda kuswali Alasiri nilizikwangua mbao zote kwa kucha, nikabakisha utando tu wa nta ili wasishtuke, nikazirudisha zilivyokuwa.

Nyuki waliingia wakajenga walivyopenda, mshazari, sega moja limeunganisha mbao nne. Siku ya kurina Baba aliinua mbao ya kwanza, masega yakapasuka, asali ikamwagika na makinda ya nyuki ndani yake. Siku ya tatu mzinga ulikuwa mtupu. Nyuki walikuwa wamehama.

Baba hakugomba. "Hukupaka nta nilivyokufundisha," alimwambia.

Mwanaidi aliinama. "Nisamehe, Baba."

Nami, badala ya kuona haya, nilichukia kwamba anamwita Baba. Mzinga nikapewa mimi, nikaupokea kwa mikono miwili.

Mwaka jana nilishindwa kuendelea kulibeba jambo hilo. Tulikuwa barazani kwa Mwanaidi, yeye sasa ana wajukuu, tunachagua mchele, nikamweleza.

"Nilijua," alisema. "Tulipozitoa zile mbao mzingani niliona mikwaruzo ya kucha. Vidole vidogo vile vya nani mwingine?"

"Mbona hukusema, dada?"

Alitupa kijiwe uani. "Wewe mtoto wa mwenye nyumba. Ningesema, ningelala wapi?"

Niliinamia ungo. Miaka yote ile nilimwonea wivu kwa jinsi alivyokaa moyoni mwa Baba. Yeye alikuwa akilala kila siku na kimfuko chake kimefungwa, tayari, asubuhi wakimwambia arudi.