Mnara Tulioupanda Kutafuta Mwezi

Tuliondoka Kasongo kwa sababu ya macho ya Baba, ingawa yeye hakukubali hata siku moja kwamba yana tatizo. Baba, Mzee Ramazani, ndiye anayetegemewa mtaani kwetu kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Akisema ameuona, watu wanaanza kufunga. Mtoto wa jicho alipomwingia, akawa anawasalimia mbuzi wa jirani kwa heshima zote na bado anadai, "Ninaona vizuri." Mwaka jana alinyoosha kidole kwenye wingu tupu, watu wakainamisha vichwa kwa haya. Hapo ndipo mimi, Zaina, binti yake mkubwa, nilipofunga duka langu la vitenge nikasema basi, tunakwenda Kinshasa akapasuliwe.

Hadi Kindu tulipanda pikipiki, Baba katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Njia ilikuwa matope matupu. Kwenye madimbwi tulishuka, nikamshika mkono, naye akanung'unika kwamba ninamfanya mtoto mchanga. Kutoka Kindu tukapanda ndege.

Kinshasa tulifikia kwa shangazi yangu, na Baba akapasuliwa jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa, daktari akamwuliza kama anaona. "Ninaona, ninaona," Baba akajibu upesi, kama anavyojibu siku zote. Daktari alisema jicho limepona. Mimi roho haikutulia. Ninamjua baba yangu: ukoo mzima ulijinyima kwa ajili ya safari ile, na angesema anaona hata kama mbele yake ni giza.

Ikafika jioni ya kuutafuta mwezi. Nyumba ya shangazi imebanwa na maghorofa, kwa hiyo Baba alidai apelekwe mahali pa juu. Shangazi akatutajia mnara ulio katika bustani ya mjini.

Nilipouona mara ya kwanza nilidhani mafundi wameuacha njiani. Ni saruji tupu, nguzo ndefu zilizosimama pamoja bila nakshi wala rangi, na juu kabisa baraza la kutazamia mji. Watu walikuwa wanapiga picha chini yake kwa fahari, nikaelewa kwamba ndivyo ulivyokusudiwa uwe.

Langoni, mlinzi alituambia kwa Kilingala kwamba muda wa kutembelea umekwisha.

"Baba, turudi," nikasema. "Banafunga."

Mlinzi aliposikia Kiswahili chetu akageuka. "Munatoka wapi, Mama?"

"Kasongo."

"Ee! Miye mutu wa Kabambare, jirani yenu! Na huyu Papa anatafuta nini kule juu?"

"Mwezi," Baba akajibu mwenyewe.

Mlinzi hakucheka. Alikwenda kumwomba mkubwa wake, akarudi na ruhusa ya kutupandisha. "Twende mbio," akasema, "jua inashuka."

Juu, lifti ilipofunguka, nilijibanza ukutani. Mto ulikuwa upande mmoja, mji umetapakaa kila mahali, na magharibi, juu ya vilima, anga lilikuwa jekundu lenye moshi wa majiko. Jua lilizama. Nilitazama kwa bidii, sikuona chochote. Baba alishika chuma cha ukingo, akainama mbele.

"Ule pale," akasema. "Pigia Imamu."

Nilikuwa na simu mkononi lakini sikubonyeza. Kasongo kulikuwa kunanyesha, na Imamu alikuwa anangoja neno la Baba. Kama Baba anadanganya tena, mtaa mzima utafunga kwa uongo wake, na mimi ndiye niliyeupeleka. Niliogopa kuliko nilivyouogopa ule urefu.

"Baba, sioni kitu."

"Weye unaangalia juu sana. Unaona ile antene ya taa nyekundu?"

"Ninaiona."

"Toka pale, kuja mukono wa kushoto, chini ya ule moshi. Umelala, ncha zote mbili zinaangalia juu."

Nikafuata kama alivyoniambia. Antena, kushoto, chini ya moshi. Ulikuwa pale, mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala vilevile alivyosema.

"Hata miye nauona!" mlinzi akapaza sauti.

Nilikaa chini sakafuni. Imamu alipopokea simu nilisahau hata salamu, nikapiga kelele, "Anaona! Baba anaona!" Ikabidi Baba aninyang'anye simu ili aseme habari ya mwezi.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi, ila Baba alitutesa. Alisoma kila kibao kwa sauti, na kutoka Kindu alimwonyesha dereva wa pikipiki kila shimo kabla hatujalifikia, mpaka kijana wa watu akaomba nimzibe Baba mdomo. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Tulifika Kasongo karibu na kufuturu. Nilivua kitambaa cha kichwa kwa sababu ya joto la jiko, nikaanza kukoroga uji uani. Baba alikuja akasimama mbele yangu, akanitazama kichwa.

"Zaina," akasema polepole, "weye uko na mvi. Tangu lini?"

Nikacheka, halafu machozi yakanitoka. Miaka yote ile nilihesabu mbuzi, mwezi na mashimo ya barabara, na sikuwaza hata mara moja kwamba mimi pia nilikuwa miongoni mwa vitu asivyoviona.